Mgahawa wa Kirumba unaofunga Jumamosi: sato mzuri, soda ya moto, na ule mstari wa ukutani

Wakuu, kila siku mtu anauliza Mwanza nitakula wapi sato wa maana mchana bila kulipa bei ya hoteli za ufukweni, na kila siku majibu ni yaleyale ya sehemu zenye mziki mkubwa na samaki wa jana. Naleta huu hapa. Hauna kibao kwahiyo msiniulize jina, upo Kirumba, ukitoka mjini unashuka uwanja wa CCM Kirumba halafu unaiacha lami unakata upande wa ziwani kama unaenda soko la samaki la Mwaloni, ukianza kusikia harufu ya dagaa umekaribia. Ukikwama mwambie bodaboda yeyote "kwa Wasabato", atakupeleka bila kuuliza mara mbili. Mimi mwenyewe ni Mkatoliki, nalisema mapema kabisa ili mtu asije akadhani nimetumwa.

Kabla ya chakula niseme kuhusu ule mstari, mana hata ukiingia na njaa yako ndo kitu cha kwanza unakiona. Juu ya dirisha la jikoni wameandika kwa rangi ya bluu, herufi kubwa, Mathayo 6:25, "Msisumbukie maisha yenu, mle nini au mnywe nini." Nilicheka kwa sauti. Yaani mgahawa, biashara ambayo inaishi kwa sababu watu wa Kirumba ikifika saa saba wanasumbukia watakula nini, wenyewe ndo wanawakataza wasisumbukie. Nikamwambia mama mwenye mgahawa, shikamoo mama, huu mstari si unakufukuzia wateja? Akasema marahaba baba, wewe kaa ule kwanza, mtu mwenye njaa haelewi Maandiko.

Sasa chakula. Sato wake anakaangwa mzima, amechanjwa chanjwa ubavuni, ndimu na chumvi zimelala humo muda wa kutosha mpaka zimefika kwenye mfupa, nje pamekauka panalia ukivunja na ndani bado kuna maji. Ni sato wa ziwani, siyo wa kufugwa kwenye kizimba. Najua siku hizi vizimba vimejaa ziwani na vimesaidia watu kupata samaki, sina ugomvi navyo, lakini sato wa kizimba ana mafuta ya kivivu na ukimkaanga ananyong'onyea, huyu wa kwake ana nyama inayojitegemea. Anakuja na ugali wa dona au wa muhogo, chagua wa muhogo kama tumbo lako limezoea, matembele ya kukaushwa, na kachumbari yenye pilipili mbuzi ambayo wameikata vipande vikubwa uweze kuitoa kama wewe siyo wa pilipili. Sato wa kati elfu 8, mkubwa elfu 12. Chukuchuku elfu 9, na kama una mafua au umeamka vibaya achana na wa kukaanga, chukua huo mchuzi, nyanya, kitunguu, ndimu, basi, hakuna roiko wala mbwembwe, unatoka jasho mpaka kwenye masikio.

Ila mimi ningewapa nyota kwa dagaa peke yake. Watu wa mikoani wengi mnawajua dagaa wa Mwanza kwa mchanga, unatafuna unasikia krr krr, ni kwa sababu kwa miaka mingi wamekuwa wakianikwa chini kwenye mchanga wa mwaloni kabisa. Huyu mama ananunua wa kwenye chanja tu, wale wanaoanikwa juu ya nyavu, bei yake ipo juu kidogo, halafu bado anawakalia kuwachambua. Wanaungwa na karanga mpaka mchuzi unashika kidole. Elfu 3 na ugali. Elfu 3! Nimekula dagaa sehemu nyingi mji huu na sijui kwanini watu wengine wanaona tabu kuwaosha.

Menyu ni hiyo hiyo, sato kwa namna mbili, dagaa, na siku akipatikana sangara wa kuridhisha anamfanya rosti. Vitu vinne. Kambale hakuna, usiulize, hana magamba na Walawi 11 imeshamkataa, kuna mzee mmoja alikuwa anabishana kwamba kambale wa Mwanza hana dhambi yoyote, akaishia kuagiza dagaa. Kahawa hakuna na chai ya majani hakuna, kuna ya mchaichai na tangawizi shilingi 500, ambayo kusema kweli inashuka vizuri sana baada ya samaki. Wasabato mambo ya afya wanayachukulia kama sehemu ya dini na siyo kitu cha juzi, waliingia Tanganyika mwaka 1903 kule Upare enzi za Mjerumani, na huku ziwani wakawa wameshafika kabla ya vita ya kwanza ya dunia, ndo mana ukienda Mara unakuta koo nzima ni Wasabato tangu kwa babu. Mama huyu kwao ni huko Majita.

Friji hakuna. Hiki ndo kitu kilichonifanya nianze kuuangalia mgahawa kwa jicho lingine. Alfajiri anaenda Mwaloni mwenyewe, ananunua samaki wa siku hiyo, wakiisha wameisha. Ukifika saa nane na nusu unakuta anaosha masufuria, na hata ukimwonyesha noti ya elfu 10 hatoki kwenda kukutafutia samaki wa mchana wa kuungaunga. Kuna dada aliyekaa karibu yangu akamwambia mama nunua friji ununue samaki wengi utauza mpaka usiku, mama akamjibu kwa Kutoka 16, ile habari ya mana, chakula cha kutoka mbinguni, kwamba wana wa Israeli waliambiwa waokote ya siku kwa siku, na walioficha mpaka asubuhi ikaingia mabuu ikanuka. Halafu akaongeza, na ile ilikuwa mana, sembuse sato wa Kirumba. Meza nzima ilikufa kwa kicheko lakini mimi nikawa nahesabu kichwani, maana ni kweli yule mama hana mzigo unaooza, hana bili ya umeme ya friji, hana samaki wa jana wa kumdanganyia mteja. Ukitaka kuiita imani iite, ukitaka kuiita hesabu nzuri iite, kwake naona haviachani.

Haya, sasa kufunga. Ijumaa ikifika saa tisa alasiri bei inashuka. Saa kumi jiko linazimwa, wanaosha kila kitu, posho za wafanyakazi zinalipwa siku hiyohiyo, na jua likizama kufuli. Huku kwetu tupo karibu na ikweta kwahiyo jua halibadiliki sana, mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika kadhaa, na yeye anataka muda huo awe nyumbani ameshaoga. Mpaka Jumamosi jua lizame hakuna biashara. Wanaoijua Kirumba wanajua hii inamaanisha nini. Simba au Yanga wakija kucheza Jumamosi pale CCM Kirumba, mji mzima unahamia ule upande, kila mwenye karai anakaanga kitu, mishikaki, chipsi, mayai ya kuchemsha, mpaka watu ambao hawajawahi kupika maisha yao wanauza. Yeye yupo hatua chache kutoka getini na mlango umefungwa.

Nikamuuliza. Siyo kwa ubaya, nilitaka tu kujua. Mama, ile hela yote ya siku ya mechi inapita hivihivi?

Inapita.

Lakini si Mungu anakurudishia siku nyingine?

Hapo ndo nilitegemea aniletee ushuhuda, ule tuliouzoea, kwamba nilipomtii tu Bwana wateja wakaja mara saba. Hakunipa. Akaweka mwiko chini akasema, mwanangu, kuna wiki narudishiwa na kuna wiki sirudishiwi, Mungu siyo VICOBA uweke hisa zako Jumamosi halafu usubiri gawio Desemba.

Nimekaa na hiyo sentensi kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, na nayasikia mengi mana mtaa ninaoishi kuna vipaza sauti pande zote. Kwa sababu mji huu, tuwe wakweli, maneno ya Mungu yapo kila mahali. Daladala imeandikwa Mungu Kwanza kioo cha nyuma halafu konda anakuzungusha na chenji yako mpaka umepitiliza kituo. Saluni ina jina la Kiebrania, duka la simu lina zaburi, mtumbwi una jina la mtakatifu. Na wahubiri wanaosema toa ulichonacho upate unachotaka hawajaisha. Mimi nimekuwa mtu wa kupita na kusoma tu kama ninavyosoma matangazo ya soda. Tofauti ya huu mgahawa ni kwamba mstari wa ukutani unamgharimu mwenye ukuta, kila wiki, na mbele ya macho ya washindani wake, na halalamiki wala hajisifu. Mathayo 6 wengi tunairukia 33, "utafuteni kwanza ufalme wake, na haki yake, na hayo yote mtazidishiwa", kwa sababu ina neno kuzidishiwa, tunasahau kwamba mazungumzo yenyewe yanaanzia 24, hamwezi kumtumikia Mungu na mali. Yesu alikuwa anazungumzia bosi ni nani. Ukishajua bosi ni nani, ndo anakwambia sasa usisumbukie.

Msije mkadhani ni mama wa kukaa akisubiri miujiza. Ndege wa angani hawapandi wala hawavuni, sawa, lakini nenda Mwaloni saa kumi na moja asubuhi uwaangalie wale makorongo wanavyogombania matumbo ya samaki, hakuna hata mmoja aliyelala. Huyu mama ana daftari la mapato na matumizi, ana mtu wa mkaa wa kudumu, Alhamisi anaanza kupunguza manunuzi ili Ijumaa asibaki na mzigo, na bado hiyo Ijumaa watu wanakuja na mahotpoti kuchukua dagaa za kula kesho yake, kama vile siku ya sita walivyookota mana mara mbili. Mtu aliyepanga hivyo anaweza kufunga mlango akalala. Mimi ambaye kazi zangu za Ijumaa naziacha mpaka Jumapili usiku ndo nakesha na mawazo.

Kuna mchana mmoja nimekaa pale meza moja na mama muuza dagaa wa Mwaloni, ilikuwa kipindi cha mbalamwezi. Kwa wasiojua, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, giza likiwa zito wanaufuata mwanga, sasa mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga na taa yako haina maana, mitumbwi inalala. Mitumbwi inalala lakini marejesho hayalali. Yule mama alikuwa na ule mkopo wa kausha damu, ule wa kurejesha kila wiki na ukichelewa wanakuja kubeba tivii, akawa anaongea mpaka ugali umepoa, kodi ya fremu, ada ya mtoto, wiki hii nitalipa nini. Nikasema moyoni haya, sasa tutaona mstari wa ukutani unafanya kazi gani, ataambiwa usisumbukie aende zake.

Mwenye mgahawa akavuta stuli. La kwanza alilouliza ni unadaiwa shilingi ngapi na imebaki wiki ngapi. La pili, una nini cha kuuza ambacho siyo sufuria za watoto. La tatu, nani kwenye kikundi chenu anaweza kukushika wiki hii moja, mana mwezi ukishaanza kuchelewa kutoka giza linarudi na dagaa wanarudi. Wakapanga pale kwa vidole. Chakula cha siku ile kikaandikwa kwenye daftari. Halafu wakaenda pale kwenye ndoo ya kunawia wakasali, sijui kama ilifika hata dakika, hakuna kelele, hakuna kuwekeana mikono kichwani, nilisikia tu amina na maji yakafunguliwa. Paulo anasema kwa Wafilipi "Msijisumbue kwa neno lo lote", watu wanaishia hapo wanamwambia mwenye shida usijisumbue, lakini sentensi inaendelea, haja zenu na zijulikane na Mungu. Huwezi kumjulisha haja ambayo hujaitaja hata kiasi chake. Sijui yule mama aliishaje na wale watu wa mkopo, sikumuuliza, siyo kila kitu ni cha kuuliza.

Picha nayo nisiisahau. Ukuta wa upande wa pili kuna mchoro wa Marko 4, Yesu amelala kwenye mashua na dhoruba imeanza, aliyechora ni kijana wa mtaani na mashua amechora mtumbwi wetu kabisa wenye tanga, na kule nyuma kwenye mawimbi ameweka Jiwe la Bismarck, lile jiwe letu la ziwani. Galilaya imehamia Mwanza. Kwa ukubwa imekuwa bora hivyo, mana lile ziwa la Galilaya lina kilomita za mraba kama 166 tu, kisiwa cha Ukerewe peke yake kinalimeza mara tatu, hili letu ni zaidi ya elfu 68. Nimewahi kuwasikia watu wa bara wakiisifia ile picha kwamba ni nzuri ya kutia moyo, ila kwa mtu wa hapa picha ya chombo na dhoruba siyo pambo. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ukienda Igoma makaburi yapo. MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na Ukara, watu walikuwa wameshaiona nchi kavu. Kwenye vile vyombo kulikuwa na watu waliosali asubuhi. Kwahiyo mhubiri akija hapa akasema ukiwa na imani chombo chako hakizami, watu wanaitikia amina kwa adabu tu. Mimi kwenye ile habari ninachokipenda ni kwamba wale wanafunzi walimwamsha na lawama kabisa, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" na Marko hakuiona aibu kuliandika. Kumweka Mungu mbele ya hofu zako hakukatazi kumpigia kelele. Naona hata mama alikubali picha ichorwe hivyo, wanafunzi wamepanua midomo, hakuna aliyekaa anaimba pambio.

Kwenye mambo ya siku yenyewe, mimi na mama hatukubaliani na wala hatujagombana. Mimi Jumapili yangu ipo kanisani Nyakahoja na nimemwambia Warumi 14, mtu mmoja afanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine aona siku zote kuwa sawasawa. Akasema haya umalize mstari, nikaumaliza, kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe, akasema basi mimi nimethibitika, ongeza matembele? Na haki niseme, hata wafanyakazi wake siyo wote wa dini yake. Kijana anayepeleka sahani ni Mwislamu, Ijumaa saa sita na nusu anaaga anaenda msikitini na hakuna anayemnunia. Ndo maana Ijumaa mchana huduma inasuasua, mkijua sababu mtavumilia.

Na kusuasua kwenyewe niseme, mana nisije nikaonekana nimesifia tu. Foleni saa saba ni ndefu na hakuna mpangilio, anayejua kuita ndo anahudumiwa. Mabenchi hayana mgongo, ukiwa na kiuno kibovu utajua. Nzi wapo, Mwaloni ipo jirani na hakuna namna, ila wangefunika kachumbari. Soda ni ya moto tu, friji si hakuna, mimi soda ya moto siwezi kabisa hata kwa imani. Kwaya kwenye redio ipo juu mno, nyimbo nzuri, sauti kubwa, mnaongea kwa kupokezana kama mpo kwenye mashine ya kusaga. Choo ni cha jirani. Halafu kuna dada mmoja wa jikoni, mpole na mpishi mzuri, lakini akikushika na vipeperushi vya unabii sato anapoa, mwambie tu kwa heshima dada wabeja sana (ndo asante ya Kisukuma) nitasoma nyumbani. Na wakubwa, oda kwa simu hawapokei, nimejaribu kumshawishi nimemshindwa, anasema akianza kupokea simu ataacha kuangalia mafuta.

Hapo kwenye kuangalia mafuta ndo ninapokumbuka ile habari ya Martha na Mariamu, Luka 10. Siku zote nimekuwa upande wa Martha, wageni wamekuja na mtu amekaa chini anasikiliza, nani atapika? Lakini Martha hakuambiwa aache kupika, aliambiwa anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi. Vitu vingi. Migahawa mingi ya hapa mjini ina menyu ya kurasa nne, pizza, biriani, makange, ukiagiza unaambiwa hiyo leo hatuna, na mhudumu ana sura ya mtu anayedaiwa. Huyu ana vitu vinne na anavijua.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya soda na mabenchi.

Muda wao ni Jumapili mpaka Alhamisi, kuanzia saa tano asubuhi mpaka samaki waishe, Ijumaa mpaka saa kumi. Jumapili baada ya misa ya pili sisi Wakatoliki ndo tunawajaza, kwahiyo wahi. Lipa namba ipo lakini mtandao ukisumbua wanaandika daftari, hata kama hawakujui, mimi waliniandika siku ya kwanza kabisa. Bei hizi ni za nilivyozikuta, mbalamwezi ikiingia dagaa wanapanda kidogo, msije mkanisema. Na ukienda Ijumaa kuchukua vya kupeleka nyumbani beba hotpoti lako mwenyewe, mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 na yale makopo yao yanaisha mapema.